Kwa nini mkono hufunguka zaidi pale jina linapoandikwa?

Mhesabu Kapu
Salamu kwa wote. Kwa miaka mingi nimekuwa miongoni mwa wanaohesabu sadaka katika parokia yetu, na meza ile imenifunza kuhusu binadamu mambo ambayo mahubiri hayakunifunza. Kila Jumapili tunamwaga mezani fedha za aina mbili. Kuna za kapu, ambalo hupita kwenye mabenchi bila mtu kujua nani ametia nini. Na kuna za bahasha, ambazo nje yake pameandikwa jina la muumini, namba yake na jumuiya yake, na hesabu yake hubandikwa ubaoni kila robo ya mwaka. Waumini ni wale wale na Mungu ni yule yule. Hata hivyo, kapuni tunakuta noti zilizochakaa hadi picha yake haitambuliki, pamoja na sarafu ambazo kondakta wa daladala angezikataa, ilhali ndani ya bahasha tunakuta misimbazi iliyotoka benki juzi.

Dai langu ni hili, na ninaomba mlipinge kwa hoja: mwanadamu anakiri kwamba Mungu anaona yote, lakini anaishi kana kwamba anayeona ni mweka hazina. Je, tunamwogopa jirani kuliko Muumba, au iko sababu nyingine ambayo sisi wa meza ya kuhesabu hatuioni?

Bin Shamte
Assalamu alaykum. Ndugu Mhesabu, jambo hilo kwetu linajulikana na lina jina: ni ria. Qur'ani, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 264, inamfananisha anayetoa mali yake ili watu wamwone na jabali lenye udongo juu yake, ambalo mvua kubwa ikilinyea huliacha tupu. Na katika hadithi ya watu saba ambao Mwenyezi Mungu atawapa kivuli siku isiyo na kivuli ila chake, mmoja wao ni yule aliyetoa sadaka akaificha hata mkono wake wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia. Hakuna haja ya kutafuta sababu nyingine. Nafsi inapenda kusifiwa, na bahasha ina mahali pa kuandika jina.

Nchakali
Mhesabu Kapu, swali dogo tu kabla hatujaendelea: sadaka yako wewe iko kapuni au katika bahasha?

Mama Kamati
Mimi nimekuwa katibu wa kamati nyingi za harusi, na nina ushahidi wa kumuunga mkono mwanzisha uzi. Maombi ya mchango hutumwa kwanza kwa kila mtu faragha, na jibu la kawaida huwa "nimeipata, tuko pamoja", maneno ambayo hayajawahi kununua hata kreti moja ya soda. Kisha kundi la WhatsApp hufunguliwa na orodha hubandikwa: jina, ahadi, alicholipa, alichobakiza. Hapo ndipo yule ambaye simu yake haikuwa ikipatikana kwa wiki nzima hupatikana usiku huo huo, tena akiwa na salamu ndefu. Wapo wanaosubiri kwanza waone mwenzao wa cheo kile kile ametaja kiasi gani, ndipo wataje hicho hicho na kuongeza kidogo. Kidogo hicho ndicho kinacholipia keki.

Lakini Bin Shamte, sidhani kwamba wote hao wanatafuta sifa. Wengi wao wanakimbia fedheha, na kati ya anayetafuta sifa na anayekimbia fedheha kuna umbali mkubwa, ingawa wote wawili hulipa kwa simu ile ile. Halafu kuna wale wanaolipia kadi ya watu wawili huku wakipiga hesabu ya sahani na vinywaji. Hao hawachangii, wananunua tiketi.

Mwalimu Mstaafu
Nimesoma yote kwa makini, na ninaomba kutofautiana na Bin Shamte pamoja na mwenye uzi. Mnaliangalia jina lililoandikwa kana kwamba limeandikwa ili lisifiwe. Nendeni msibani mkaangalie daftari la rambirambi.

Kijijini kwetu, mtu anapofariki, meza huwekwa chini ya mwembe, akaketi kijana mwenye mwandiko unaosomeka, na kila anayetoa huandikwa jina na kiasi. Jioni daftari husomwa mbele ya wote. Mgeni atakayepita hapo atadhani ni majivuno, tena ya kuchukiza, kwa sababu maiti bado haijazikwa. Lakini daftari lile halitupwi baada ya arobaini. Familia hulihifadhi kabatini pamoja na hati ya shamba, na siku mmoja wa walioandikwa humo anapofiwa, kitu cha kwanza kinachofanyika, hata kabla ya kutafuta nauli, ni kulifungua na kuangalia alitoa nini. Aliyeleta debe la mahindi atapelekewa debe la mahindi au zaidi. Akipelekewa pungufu, wajukuu wataambiwa. Hiyo ni bima, isipokuwa haina ofisi wala wakala wa kukusumbua kwa simu. Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi hubeba wajibu wa namna tatu, yaani kutoa, kupokea na kurudisha. Bibi yangu aliyajua hayo bila kusoma Kifaransa, na aliyatekeleza kwa ukali ambao Mauss asingeuweza.

Kwa hiyo jina huandikwa kwa sababu deni lisilo na jina halilipiki. Kapu la kanisani halina daftari, na akili ya kijiji humnong'oneza mtu kwamba anachotia humo hakitamrudia siku ya kilio chake.

Nchakali
Mwalimu, kwa hoja hiyo Mwenyezi Mungu angekuwa na daftari linaloonekana, makapu yangejaa.

Bin Shamte
Analo, bwana Nchakali. Litafunguliwa siku moja tu, na Sura ya Al-Kahf imekwisha kueleza malalamiko yenu ya siku hiyo: mtashangaa ni kitabu gani hiki kisichoacha dogo wala kubwa. Mtasema mwandiko ni mzuri ila maelezo yamezidi.

Mtakwimu
Naona kila mmoja amekimbilia moyoni mwa binadamu kabla ya kukagua hesabu. Kapu na bahasha havilinganishwi kwa namna alivyofanya mwenye uzi. Bahasha huchukuliwa na mtu mwenye kipato, aliyekwisha kukaa na mwenzi wake mezani na kukubaliana kiasi cha mwezi. Kapu hupita mbele ya watoto waliopewa sarafu na mama zao, wanafunzi, wageni waliokuja kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa ndugu, na hata mwenye bahasha mwenyewe, ambaye ameshatoa na sasa anatia sarafu ili mkono wake usionekane mtupu. Ukitaka kujua kama jina ndilo linalofungua mkono, sharti uwachukue watu wale wale, kwa mapato yale yale, uwape nusu yao bahasha zenye majina na nusu bahasha zisizo na majina. Kabla ya hapo tunapiga ramli.

Mhesabu Kapu
Mtakwimu, hoja ya watoto na wageni naipokea, na nadhani inapunguza tofauti, lakini haiimalizi. Zipo Jumapili za mavuno ambapo hatupitishi kapu mabenchini. Jumuiya huitwa moja baada ya nyingine, kila mtu akapita mbele na kutia kwa mkono wake mwenyewe huku kwaya ikiimba. Hakuna bahasha wala jina siku hiyo, na watoto wamo vilevile, lakini kapu la siku hiyo huwa zito. Kilichoongezeka ni macho tu.

Nchakali, sadaka yangu iko kote kuwili, na zaidi ya hapo hutajua.

Msomaji wa Usiku
Hilo la macho limewahi kupimwa. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, yaani Melissa Bateson, Daniel Nettle na Gilbert Roberts, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika chumba cha chai cha idara yao. Wafanyakazi walikuwa wakijihudumia chai, kahawa na maziwa na kutia fedha ndani ya kisanduku cha uaminifu bila msimamizi. Watafiti walibandika juu ya bei picha ambayo ilibadilishwa kila wiki: wiki moja maua, wiki nyingine macho ya mtu. Katika wiki za macho watu walilipa karibu mara tatu ya walicholipa katika wiki za maua. Zingatieni kwamba yale yalikuwa macho ya karatasi, na waliotazamwa walikuwa watu wa chuo kikuu.

Mtakwimu
Hadithi hiyo ni tamu na ndiyo maana inapendwa kuliko iliyoifuata. Mwaka 2017 watafiti wengine walikusanya majaribio mengi ya aina hiyo kuhusu ukarimu na kuyachambua kwa pamoja, wakakuta kwamba picha za macho haziongezi kiasi ambacho watu hutoa. Chumba kimoja cha chai hakitoshi kueleza binadamu.

Nchakali
Sasa tunajua kwamba macho ya karatasi hayatoshi. Majirani wa Mhesabu Kapu wana macho halisi, tena yasiyopepesa.

Bi Makorora
Hamjambo? Mnazungumzia kutoa hadharani na hakuna hata mmoja aliyetaja taarabu; ama kweli jukwaa hili limejaa wanaume wasiotoka nyumbani. Sisi wa Tanga na ndugu zetu wa Unguja tunajua kwamba hakuna sadaka isiyo na ujumbe. Mwimbaji anapofika kwenye ubeti unaomhusu mtu fulani, mwanamke mwenye jambo lake husimama, akaenda mbele polepole, noti ameishika juu kabisa, anacheza huku uso ameuelekeza meza ya tatu kushoto, kisha ndipo anamtunza mwimbaji. Mwimbaji anapokea fedha, lakini aliyetumiwa barua ni yule wa meza ya tatu. Na huyo wa meza ya tatu akiwa mwerevu, ataagiza wimbo unaofuata.

Mimi naona kanisani na msikitini hali haiko mbali sana na hapo. Anayesimama baada ya sala kutangaziwa kwamba ametoa mifuko kadhaa ya saruji huenda anazungumza na mtu mmoja tu katika safu ya nyuma, shemeji yake labda, na sisi wengine ni mashahidi wa bure. Kwa hiyo Bin Shamte, hiyo ria unayoisema haielekezwi kwa watu wote. Mtu huwa na hadhira yake ndogo, na kama huijui huwezi kuelewa kwa nini katoa.

Bin Shamte
Bi Makorora, umenifanya nimkumbuke mtu ambaye sitamtaja. Naongeza jambo ili nisionekane nimefunga mlango. Katika sura ile ile ya Al-Baqara, aya ya 271, imeelezwa kwamba mkidhihirisha sadaka ni vizuri, na mkizificha mkawapa mafakiri ni bora zaidi kwenu. Kwa hiyo la wazi halikukatazwa. Wafasiri wengi wamesema kwamba zaka, ambayo ni faradhi na ina kiwango chake cha asilimia 2.5 ya mali iliyofika nisabu, yaani kiasi cha chini cha kutolewa zaka, na kupitiwa na mwaka, ni vizuri itolewe wazi ili watu wasimdhanie mtu vibaya na ili wengine waige. Ile ya kujitolea ndiyo inayopendeza kufichwa. Waliotangulia walijua kwamba binadamu huiga. Walichofanya ni kuipa tabia hiyo kazi ya kufanya.

Mlima na Mvua
Mimi ni Mlutheri wa upande wa Machame, na ninashangaa kwamba katika mjadala wote huu hakuna aliyetaja mnada. Baada ya ibada, nje ya kanisa, vitu vilivyoletwa na wasiokuwa na fedha mkononi hunadiwa: mkungu wa ndizi, jogoo, kibuyu cha maziwa, yai. Yai moja huanza kwa bei ya yai na dakika chache baadaye limefikia bei ya kuku. Mshindi hulipa, kisha kwa heshima kubwa analirudisha linadiwe tena. Nimeona yai likiuzwa mara nyingi kiasi kwamba wazee walihofu litaanguliwa kabla ya kupata mwenyewe.

Mkiniuliza sababu, sitasema ria wala bima. Watu pale wanacheka. Mwalimu wa shule anashindana na fundi seremala, wake zao wanawavuta mashati, na mchungaji anajifanya hasikii. Nina hakika kwamba baadhi ya waliotoa sana siku hiyo hawakukusudia chochote, ila furaha iliwatangulia na fedha ikafuata. Kapu linapita kimya kimya, watu wameinamisha vichwa kana kwamba kuna ukaguzi. Nani atafungua mkono katika hali hiyo?

Dereva wa Zamu
Wakuu, nyote mmesahau kwamba Biblia inasema kutoa ni moyo. Yule mjane maskini alitoa senti mbili zake kwa siri, bila bahasha wala mnada, na ndiye aliyesifiwa.

Katekista wa Zamani
Ndugu Dereva, asante, ila naomba kusahihisha mambo mawili kwa upole. "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri" ni methali ya wahenga wetu na mara nyingi huandikwa kwenye kanga. Haimo katika Biblia, ingawa Paulo aliwaandikia Wakorintho jambo la jirani na hilo, kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala kwa lazima.

La pili lina uzito zaidi. Mjane yule hakutoa kwa siri. Marko, sura ya 12, anaeleza kwamba Yesu aliketi kulielekea sanduku la hazina, akawa anatazama jinsi watu wanavyotia fedha. Matajiri wengi walitia nyingi, kisha akaja yule mama. Maana yake ni kwamba Bwana mwenyewe, aliyefundisha katika Mathayo 6 kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, siku hiyo aliketi mahali pazuri pa kuangalia kila mkono. Na mapokeo ya Kiyahudi yanasimulia kwamba katika Hekalu lile kulikuwa na masanduku 13 yenye mdomo wa umbo la pembe, na pembeni kulikuwa na chumba kingine kilichoitwa chumba cha siri, ambamo wachamungu waliweka sadaka zao faraghani, na maskini waliotoka katika familia za heshima wakaja kuchukua faraghani. Kwa hiyo wenyeji wa Yerusalemu walikuwa na njia zote mbili katika jengo moja. Mjane alichagua ile ya wazi, na hakuna Mwinjili aliyemlaumu.

Nchakali
Hapo umetuchanganya zaidi, Katekista, lakini kwa ufasaha.

Dereva wa Zamu
Nashukuru kwa sahihisho. Basi nieleze la kwangu lisilo na aya. Katika taa za barabarani ninakopita usiku kuna mzee mmoja asiyeona, anayeongozwa na mtoto. Ninampa kila ninaposimama. Hakuna anayeniona, abiria wangu wamelala, na mzee mwenyewe haoni. Nikimpita bila kumpa, safari yote iliyobaki ninakuwa na hasira na magari ya mbele. Sasa mnijibu: hiyo ni sadaka, au ninanunua usingizi?

Msomaji wa Usiku
Swali lako aliwahi kulijibu Mwingereza Thomas Hobbes, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1679, ambaye alisifika kwa kuamini kwamba binadamu hujipenda mwenyewe katika kila afanyalo. Rafiki yake John Aubrey alisimulia kwamba siku moja Hobbes alimpa fedha mzee ombaomba, na kasisi aliyekuwapo akamuuliza kama angefanya hivyo laiti Kristo asingeamuru. Hobbes akajibu kwamba angefanya, kwa sababu hali ya yule mzee ilimtia uchungu, na sadaka ile ilipompunguzia mzee taabu ilimpunguzia na yeye. Uko pamoja na mtu mashuhuri, ndugu Dereva.

Lakini mimi nina shaka kwamba tunatafuta majibu ndani mno. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa seminari huko Princeton, Marekani. Kila mwanafunzi aliambiwa aende jengo la pili kutoa hotuba fupi, na njiani alipangwa mtu aliyejikunyata mlangoni akikohoa na kugumia. Baadhi ya wanafunzi walikuwa wanakwenda kuhutubia juu ya Msamaria Mwema. Kilicholeta tofauti hakikuwa mada ya hotuba, bali haraka: miongoni mwa walioambiwa kwamba wamechelewa, ni mmoja tu kati ya kumi aliyesimama kusaidia, miongoni mwa waliokuwa na nafasi, walikuwa asilimia 63. Wapo waliomruka yule mtu wakaenda kumhubiri Msamaria. Sasa angalieni: kapu hukaa mbele ya mtu kwa sekunde chache, na bahasha hukaa juu ya kabati la nyumbani wiki nzima ikimtazama. Huenda jina halina kazi yoyote humo. Huenda ni muda tu.

Mama Kamati
Hoja ya muda imenigusa, kwa sababu wanaoombwa mchango miezi sita kabla hutoa vizuri kuliko wanaoombwa wiki mbili kabla. Lakini pia wana miezi sita ya kunikwepa, na wengi huitumia yote.

Mwananchi wa Thika
Hamjambo, majirani. Naona mnazungumzia mambo ya chini ya mwembe; niruhusuni nilete ya jukwaani. Neno harambee limo katika ngao ya taifa letu, na Mzee Kenyatta alilifanya mwito wa taifa mwaka 1963. Kwa mwito huo wananchi walijenga shule nyingi za sekondari, zahanati na mabwawa kwa fedha zao, na mimi mwenyewe nilisoma katika shule ya harambee ambayo paa lake lilitokana na kuku wa mama zetu. Majina yalisomwa kwa kipaza sauti, na hakuna aliyeona ubaya. Mwalimu Mstaafu angefurahi.

Kisha wanasiasa wakagundua kipaza sauti. Mheshimiwa akaanza kufika akiwa amechelewa kwa makusudi, na kitita cha noti "pamoja na marafiki zake", marafiki ambao hawakuwahi kuonekana. Aliyetoa kuku akaanza kuona haya kutajwa baada yake. Mwaka 2003 ikapitishwa Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma iliyowawekea mipaka watumishi katika kuchangisha, na Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee. Novemba ya mwaka huo huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa fedha ambazo Rais mwenyewe alikuwa ametoa katika parokia moja ya Soweto, shilingi milioni 2.6, likaagiza zirudishwe, na basi aliloahidi likakataliwa pia. Hoja yangu ni kwamba jina linapoandikwa, hufungua mkono wa mtoaji na kufunga mdomo wa mpokeaji. Hilo la pili hamjalitaja.

Katekista wa Zamani
Mwananchi, hilo limesemwa zamani. Mwanazuoni wa Kiyahudi Maimonides, aliyefariki Misri mwaka 1204, alizipanga sadaka katika daraja nane, na kigezo chake kikubwa kilikuwa haya ya mpokeaji. Daraja ya chini kabisa ni ya anayetoa huku amekunja uso. Ya pili kutoka juu ni ambapo mtoaji hamjui mpokeaji wala mpokeaji hamjui mtoaji. Ya juu kabisa ni kumpa mtu mkopo, ushirika au kazi, ili asihitaji sadaka tena.

Nchakali
Yule aliyekunja uso ni mchangiaji wa harusi. Mama Kamati anao wengi.

Bi Makorora
Na siku hizi hata anayetaka kujificha hawezi. Kanisani kwa jirani yangu namba ya malipo huonyeshwa ukutani. Mtu aliyezoea kukunja noti ndogo mara nne ili ionekane nene, sasa jina lake kamili humfikia mweka hazina pamoja na saa na dakika. Mwenye kutaka thawabu ya siri amerudi kwenye noti, kama ataipata.

Mlima na Mvua
Na mwenye kutaka kusifiwa hulipa kwa simu, kisha akapiga picha ujumbe wa uthibitisho na kuutuma kundini kwa kisingizio cha kuuliza kama umefika.

Mama Kamati
Kabla hamjasambaa, naomba ushauri wa kweli. Kuna bwana mmoja mtaani, ambaye kila mtu anajua namna alivyopata fedha zake ingawa hakuna aliyethubutu kuuliza, ameahidi milioni mbili kwa harusi tunayoiandaa, na ametaka atangazwe ukumbini. Baba wa bibi harusi anasema tukatae. Mama wa bibi harusi anasema fedha haina harufu. Mimi ndiye ninayeshika daftari. Mnasemaje?

Katekista wa Zamani
Kasome Mathayo 27. Yuda aliporudisha vile vipande 30 vya fedha, wakuu wa makuhani walisema si halali kuvitia katika sanduku la hazina kwa kuwa ni kima cha damu, wakanunua nacho shamba la mfinyanzi la kuzikia wageni. Walikuwa waangalifu sana wa sheria kuhusu fedha ambayo wao wenyewe ndio walioitoa. Kwa hiyo kukataa fedha chafu ni jambo jema, ila aangaliwe pia anayekataa.

Bin Shamte
Hadithi sahihi inasema kwamba Mwenyezi Mungu ni mwema na hapokei ila kilicho chema. Hata hivyo, wanazuoni wengi wamesema kwamba mtu aliyetubia akiwa na mali ya haramu ambayo wenyewe hawajulikani, aitoe kwa mafakiri ili aiondoe mikononi mwake, bila kutarajia thawabu ya sadaka.

Nchakali
Yaani atoe mali asiyoitaka, kwa watu asiowajua, bila shukrani wala thawabu?

Mtakwimu
Ndugu Nchakali, hiyo tunaiita kodi.

Mama Kamati
Jamani, kodi ifunguliwe uzi wake. Ukumbi unataka malipo Ijumaa, na huyo bwana amenipigia tena asubuhi akiuliza kama jina lake litatangulia la mjomba au litafuata. Nimjibuje?

Bi Makorora
Mwambie lifuate, kisha uone kama milioni mbili zitabaki kuwa milioni mbili.